Vyondo Viwili vya Chonde

Jikoni kwangu kuna kiondo kipya ambacho sijui nikifanyeje. Nimekitundika nyuma ya mlango, nikakishusha. Nimekiweka juu ya friji, nikakishusha tena. Kinanuka katani, harufu ile kavu inayokwaruza pua, na kila asubuhi nikiingia kuchemsha chai inanirudisha nyuma ya ua wa kaiyaba, kwa babu yangu, juu ya mji wa Embu, nikiwa na miaka minane na viatu vya shule ambavyo havikuwa na shule ya kwenda. Kiondo hiki alikileta baba kwenye mazishi ya mama, miezi miwili iliyopita. Ili mwelewe kwa nini kinanitesa hivi, itabidi niwaeleze kwanza habari ya neno moja.

Baba ni Mmeru wa Igembe, mkulima wa miraa karibu na Kangeta. Mama alikuwa Muembu. Watu wa mbali hudhani sisi ni kitu kimoja kwa sababu mlima ni mmoja, lakini Kimeru cha Igembe na Kiembu husikilizana kama watu wawili kwenye simu mbovu: nusu unaelewa, nusu unakisia. Kwa hiyo mambo mazito kati ya kwetu na kwa kina mama yalizungumzwa kwa Kiswahili, na hapo ndipo babu, baba yake mama, alipotamba. Alikuwa amefanya kazi bandarini Mombasa ujana wake wote, akarudi na vitu vitatu: kikoi, kikohozi na Kiswahili. Hakutaka kuitwa guka kama wazee wenzake. Alitaka babu. Alisahihisha ngeli za kila mtu, hata za mhubiri katikati ya maombi, na nyanya yangu, ambaye tulimwita cucu, alikuwa amezoea kuongea naye kwa Kiembu tu ili aishi kwa amani.

Tulifika kwake muhula wa pili ukiwa umeanza tu. Nilitoka shule siku hiyo nikamkuta mama ameketi kizingitini, mkono wa kulia umefungwa kwa leso, uso umemkauka. Aliniambia ameanguka jikoni. Aliniambia twende kwa cucu tukasaidiwe kuosha vyombo mpaka mkono upone. Nikaamini. Hata hatukubadilisha nguo. Niliondoka Igembe na sare ya shule, na kwa majuma mengi hiyo ndiyo iliyokuwa nguo yangu nzuri.

Nilidhani tutakaa siku tatu. Babu alifunga lango kwa mnyororo siku ya kwanza, akaning'iniza ufunguo shingoni mwake, akasema nisikanyage nje. Shule nisipelekwe, maana baba angeweza kunichukua huko kama mtu anayechukua mwavuli wake alikousahau. Sokoni nisiende, kanisani nisiende. Ua wa kaiyaba ulikuwa mnene, miiba yake mirefu kama sindano za kushonea magunia, na kulikuwa na tundu moja tu, chini, ambalo ningeweza kulalia tumbo nikatazama nje. Kila asubuhi niliona miguu ya watoto wa shule ikipita. Niliijua kwa soksi. Kulikuwa na mmoja mwenye soksi moja ya bluu na moja ya kijivu, nikamchukia kwa sababu tu alikuwa na mahali pa kwenda. Nilitaka kurudi kwetu. Nilitaka kitanda changu, mbuzi wetu, baba akirudi jioni mikono ikinukia majani ya migomba anayofungia miraa. Hakuna nililotaka zaidi ya hilo, na hakuna aliyeniambia kwa nini haliwezekani.

Baba alikuja mara ya kwanza baada ya wiki mbili. Babu hakumfungulia. Walizungumza langoni, kila mtu upande wake wa mnyororo, nami nilijibanza nyuma ya tangi la maji nikisikiliza.

"Mzee, mimi nimekuja kuchukua watu yangu," baba alisema.

"Watu wako," babu akamsahihisha, hata hapo. "Kijana, hapa huji kama anayefuata ng'ombe aliyepotea. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nataka nisikie chonde. Chonde, chonde! Bila hiyo, lango hili hulivuki."

"Mimi si mtu ya kubembeleza."

"Basi safari njema."

Nikasikia viatu vya baba vikirudi barabarani. Nililia nyuma ya tangi mpaka cucu akaja kunitafuta, na katikati ya kilio hicho nilikuwa nikimlaumu baba. Kwa nini hakuleta alichoambiwa? Kwa maana mimi sikusikia chonde. Neno hilo sikuwa nimewahi kulisikia maishani. Kwetu tulisema tafadhali kwa mwalimu, na kwa wengine wote tulisema tu nipe. Nilichosikia ni ciondo.

Msicheke. Cucu alikuwa msusi. Kutwa alikaa chini ya ukuta wa jikoni akisokota katani pajani, na wanawake walikuja kumwagizia kiondo kimoja au viwili, na kwa Kiembu kiondo kikiwa zaidi ya kimoja huitwa ciondo, ambalo sikioni ni karibu sawa na chondo. Neno hilo lilisikika pale nyumbani mara ishirini kwa siku. Ciondo za harusi, ciondo za mama mchungaji, ciondo zimeisha. Babu alipopaza sauti langoni, sikio langu lilichukua neno ambalo lilikuwa linalijua. Na nilipochunguza nikaona mambo yanalingana vizuri kabisa. Nilimwuliza cucu, yeye akichanganya Kiembu chake na Kiswahili kidogo ili nimwelewe.

"Cucu, mtu akienda kuomba kwa watu, lazima abebe kiondo?"

"Kwani ataenda mikono ikining'inia tu? Mkono mtupu haulambwi." Akalowesha uzi kwa mate, akausokota. "Na yule amepewa naye hawezi rudisha kiondo tupu. Hata kama ni maharagwe kiganja moja, anaweka ndani. Kiondo tupu ikirudi kwa mwenyewe, hiyo ni kumwambia tumemalizana."

Basi nikajua. Babu alitaka ciondo, na kwa kuwa alilipazia neno sauti mara mbili, alitaka mbili. Hesabu yangu ilikuwa nzuri siku zote.

Nyinyi wa rika langu mnazikumbuka simu zile nzito zenye antena fupi. Ya babu ilikaa dirishani sebuleni, kwenye kona moja tu ambapo mtandao ulishika, na mtu akiisogeza kwa kupangusa vumbi babu aliunguruma. Siku moja cucu alimpeleka mama hospitali mkono ukatazamwe, babu akawa kwenye shamba la kahawa. Nambari ya baba niliijua kwa kichwa, maana ilikuwa imepakwa rangi nyeupe kwenye mlango wa banda la kufungia miraa, kubwa, ili wanunuzi wasiseme hawakumpata. Nikapiga, ikalia mara moja, nikakata, kama tulivyofanya wote tusio na salio. Akanipigia papo hapo. Nilisikia kelele za soko nyuma yake, nikatamani kuingia ndani ya ile simu.

"Baba, babu anataka ciondo," nikamwambia kwa Kimeru.

"Ciondo?"

"Ndiyo alisema langoni. Ciondo, ciondo. Ukileta anafungua."

Akafikiri. "Mbili tu?"

"Mbili."

"Mama yako anaendeleaje?"

"Mkono una plasta. Alianguka jikoni."

Nikamsikia akiwaambia wanunuzi wangoje. Kisha akasema, "Haya, Kendi. Nakuja."

Alikuja Jumamosi, saa nane mchana. Na hapa lazima niwakumbushe jambo ambalo nilipokuwa mtoto sikuliona. Kwetu mwanamume habebi kiondo. Anaweza kubeba gunia, debe, hata jeneza, lakini kiondo ni cha mwanamke, na mwanamume akionekana nacho ataulizwa kama amemzika mkewe. Baba alitoka Igembe mpaka Embu akiwa na koti lake la kanisani na vyondo viwili vikubwa, kimoja bega hili, kingine bega lile, mikanda imemkata kifuani. Alipita navyo stendi ya Kangeta, akapita navyo Meru mjini, akashuka navyo Embu watu wakimtazama. Babu alipomwona, mkono wake ulifungua mnyororo kabla hajaamua kuufungua.

Niliona kila kitu kutoka mlangoni. Baba akavitua vyondo miguuni pa babu. Ndani mlikuwa na ndizi mbichi, sukari, majani ya chai, mafuta ya kupikia, leso mbili za cucu, na juu ya yote kile kitita cha miraa cha heshima ambacho Wameru hupeleka ukweni, kimefungwa kwa jani la mgomba kikanyooka kama mtoto mchanga.

"Haya yote ni ya nini?" babu akauliza.

"Si ni wewe uliitisha, mzee? Ciondo mbili."

Babu alimtazama. Akavitazama vyondo. Kisha akaanza kucheka, na kicheko kikaamsha kikohozi, na kikohozi kikamkalisha kwenye kigoda huku akijipigapiga kifua. "Ciondo! Bwana we! Nilisema chonde! Chonde, neno la kuombea!"

Sikuwahi kumwona baba akiaibika kabla ya hapo. Masikio yalimsimama. Akageuka polepole akitafuta, macho yake yakanipata mlangoni, nami nikajua amejua. Angeweza kusema, ni huyu mtoto aliniambia. Hakunitaja. Hilo ninalo mpaka leo, na silifuti.

Babu, machozi ya kicheko yakimtoka, akageuka mwalimu. "Sikiliza nikupe maana yake. Tafadhali ni ya kuombea chumvi mezani. Kunradhi ni ya kumkanyaga mtu kidole. Chonde ni ya mtu aliyefungiwa nje, na ufunguo uko kwa mwingine. Ukisema chonde, umekubali kwamba anaweza kukukatalia. Na huisemi mara moja ukakaa. Haya, nisikie."

Baba akavua kofia. Akaitazama kofia ile, akaigeuza. "Chonde, mzee," akasema. "Chonde."

"Naam! Wanja!" Babu alimwita mama kwa jina lake la nyumbani, akiwa na furaha ya mtu aliyeshinda mtihani. "Wanja, njoo. Umesikia?"

Mama alikuwa amesimama upande wa jikoni muda wote huo. Alikuja polepole, plasta imeanza kuchakaa kwenye kiwiko. Hakumtazama baba.

"Nimesikia akikuomba wewe, baba," akasema. "Kwani ni mkono wako alivunja?"

Shuleni kwetu, kabla sijaacha kwenda, mwalimu alikuwa ametufunza tofauti ya vitenzi. Kikombe kimevunjika: hakuna mtu ndani ya sentensi hiyo, kikombe na bahati yake tu. Amevunja kikombe: mtu yupo. Nilipata swali hilo nikawekewa alama ya vema. Nikasimama pale mlangoni nikamwona mtu akiingia ndani ya sentensi ambayo nilikuwa nimeambiwa haina mtu. Nilimtazama baba ili aseme hapana. Alikuwa akitazama kofia.

"Mama Kendi," akasema hatimaye, na midomo yake ikakaa wazi kidogo. Tulisubiri. Hata babu alisubiri, kidole kikiwa juu. Neno lilikuwa limetoka mara mbili dakika moja tu iliyopita, kwa mzee. Kwa mama halikutoka. Nilimwona akilitafuta, nikamwona akiliacha.

"Hayo ni mambo ya nyumbani," akasema. "Tutaongea huko."

"Mimi siendi."

"Basi kama huendi, mtoto ni wangu. Mahari nilileta hapa, mzee anajua."

Babu akakishusha kidole. Alikuwa mtu wa mila kabla ya kuwa mtu wa Kiswahili, na kwa mila mtoto ni wa aliyeleta mahari. Mzee aliyemsahihisha kila mtu Embu nzima akatazama chini akakosa cha kusahihisha. Baba akaja mlangoni akanishika mkono.

Nilikuwa nimeliomba hilo kila siku nikiwa nimelalia tumbo kwenye lile tundu la ua. Lango lilikuwa wazi kabisa, nikiona barabara nyekundu na kahawa ya jirani ng'ambo. Tulipiga hatua tatu. Mama akatufuata, akanyoosha mkono wa plasta kunishika mkono wangu mwingine, na vidole vyake vilivyochomoza mwishoni mwa plasta vikanigusa vikashindwa kufunga. Alijaribu tena. Sijawahi kuhisi kitu kibaya zaidi ya vidole vile.

"Chonde, baba," nikasema.

Nililijua neno hilo kwa dakika kumi tu. Sikuongeza kitu, sikusema niache wala sitaki kwenda, kwa sababu sehemu yangu bado ilitaka kwenda. Nikasema tena, chonde, nikimtazama, na mkono wa baba ukalegea. Hakuniachilia kwa hasira. Alifungua vidole kimoja kimoja, taratibu.

Mama hakunikumbatia kwanza. Alikwenda kwenye vyondo, akakishika cha kwanza kwa mkono wa kushoto, akakipindua, ndizi na sukari vikaporomoka mchangani. Akapindua cha pili. Akakitia kimoja ndani ya kingine, akamnyooshea baba.

"Wanja!" cucu akapiga kelele kutoka jikoni. "Kiondo hairudi tupu!"

"Leo inarudi," mama akasema.

Baba alivichukua. Akavitia bega moja, akavaa kofia, akatoka. Kitita cha miraa kilibaki pale chini mpaka kikanyauka, kwa maana babu alikataa kukigusa na hakuna aliyethubutu kukitupa.

Jumatatu babu alinipeleka shule mwenyewe, ufunguo ukiwa umetoka shingoni. Mnaweza kudhani hapo ndipo nilipofunguliwa. Sikufunguliwa. Mama aliuliza mara moja, akinisuka nywele kwa mkono uliokuwa bado umekakamaa kidogo, "Ni nani alimwambia mambo ya ciondo?" Nikasema sijui. Nilikuwa nimefanya hesabu nyingine, ya usiku na mchana: kwamba baba alikuwa amekuja na unyenyekevu wake wote aliokuwa nao, akiubeba mabegani mbele ya watu wa kaunti mbili, ukachekwa, ukaisha. Kwamba bila mimi labda angekuja mikono mitupu na neno likiwa mdomoni. Leo ni mtu mzima, ninafundisha Kiswahili hapa Kinoru, Meru mjini, na ninajua kwamba mkono hakuuvunja kwa kukosa msamiati. Hata hivyo mama aliniuliza mara ile moja tu, nikamdanganya, na sasa amekufa kabla sijamwambia.

Hakurudi Igembe. Alinilea pale, akauza vyondo vya cucu mjini, akazeeka kidogo, akaugua. Baba alinilipia shule yote bila kukosa, akinitumia ujumbe mfupi wenye neno moja: Pokea.

Siku ya mazishi hakuna aliyemwalika. Nilimwona akiingia langoni, mnyororo haupo tena, amepinda mgongo, na begani mwake kiondo kipya. Mwanamume wa miaka sabini na ushee, peke yake, na kiondo. Wanawake waliokuwa wakipika waligusana viwiko. Alikitua karibu na meko, akaenda kusimama nyuma kabisa, na mchanga ulipoanza kumwagwa nilimtazama midomo. Haikutikisika. Aliondoka kabla ya chakula. Nilipofungua kiondo kile nikakuta ndizi mbichi, sukari, majani ya chai na mafuta ya kupikia. Miaka yote hiyo, na bado alikuwa akifuata maagizo ya mtoto wa miaka minane.

Vyakula viliisha matangani. Kiondo nikaja nacho, nacho kikaanza kunisumbua, maana kina mwenyewe na mwenyewe anangoja. Nitie nini? Nikitia sukari, nimesema yameisha, karibu tena. Nikikirudisha kitupu, nimesema aliyoyasema mama, na sijui kama nina haki ya kuyasema kwa niaba yake, au ya kutoyasema.

Jumapili iliyopita akapiga simu. Baba hupiga mara chache, na huwa hasalimii.

"Kendi. Hiyo kiondo yangu, iko?"

"Iko, baba."

"Utaleta lini?"

Nilikuwa nimechoka, na hasira ya zamani ilikuwa karibu. "Sina cha kuweka ndani," nikamwambia.

Nilimsikia akipumua, na kuku fulani nyuma yake, na mlango ukifungwa na upepo.

"Lete tu, mwanangu," akasema. "Hata ikiwa tupu."